Zizi la Mtani

Siku ya hamsini na nane ya mafunzo niliamka nikiwa nimeshaamua kuacha. Ningeacha kweli, kama ile mashine isingenichokoza kabla sijamaliza chai.

"Kamwene, mla mbwa," ilinisalimia kwa Kihehe nilipoiwasha. "Leo umekuja kuandika au umekuja kuota jua?"

"Nimekuja kukuaga," nikaijibu. "Tafuta Mhehe mwingine wa kumsumbua."

"Wahehe wengine wamekwisha, mtani. Waliobaki wako shambani wanawinda chakula chao, hicho kinachobweka."

Ndivyo ilivyokuwa inazungumza, siku zote. Mafundi walioitengeneza waligundua jambo ambalo bibi yangu angewaambia bure: mtu mzima ukimkosoa kwa adabu hununa, lakini akikosolewa na mtani wake hucheka na kurudia tena. Basi siku ya kwanza pale Chuo cha Nyavu tulijaza kabila kwenye fomu, na kila mmoja akapewa mashine inayosema kama mtani wake. Mimi ni Mhehe, Mektilda Kihwele, miaka arobaini na mitatu, mchambua majani ya chai wa zamani. Nikapewa mashine Mngoni. Rafiki yangu Gaudensia Haule ni Mngoni, akapewa mashine Mhehe. Tuliketi madawati ya jirani, mashine zinatukana makabila yetu, na sisi wenyewe tunatukanana juu yake. Mwezi wa kwanza nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ya hamsini na nane sikuwa na kicheko tena. Dawati la pembeni yangu lilikuwa tupu tangu siku ya thelathini, alipoondoka Gaudensia.

Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Kule kwetu mlimani mvua zilishatukimbia, kilichobaki ni ukungu. Kila kijiji hupewa nyavu arobaini za kukamata ukungu na kuushusha tangini, lakini lazima kijiji kitoe mtu mmoja wa kuandika programu ya kuziendesha. Ukungu ukija, kunjua. Upepo ukizidi, kunja, la sivyo nguzo zinang'oka. Tangi likijaa, pumzika. Mtu huyo akifaulu, kijiji kinakunywa. Akishindwa, nyavu zinahamishiwa kijiji kinachofuata kwenye foleni. Mtihani ulikuwa Ijumaa saa sita mchana, na siku hiyo ninayoisema ilikuwa Alhamisi.

Mimi nilikuwa nimekwama kwenye upepo. Mstari wa kumi na nne. Niliuandika, nikaendesha, skrini ikasema: kosa, mstari wa kumi na nne. Nikaufuta, nikaandika kwa namna nyingine. Kosa. Nikageuza, nikapindua, nikaanza programu nzima upya. Kosa. Mara kumi na tisa nilianza upya. Niliota mstari wa kumi na nne. Nilimfokea mume wangu kwenye simu kwa sababu ya mstari wa kumi na nne, naye masikini alikuwa ananiuliza tu kama nimekula.

Asubuhi hiyo nikauandika kwa mara ya mwisho, ili nisije nikajilaumu. Upepo ukizidi arobaini, kunja. Mtoto wa darasa la pili anauelewa. Nikaendesha.

"Kosa, mstari wa kumi na nne," ikasema mashine. "Pole, mtani. Kichwa nacho kinataka chumvi."

Kitu kikanikatika ndani. Sikulia. Nilishika ile skrini kwa mikono miwili, nikaiambia kama ambavyo ningemwambia Mngoni yeyote aliyeonekana nyumbani kwangu siku ambayo kuku wangu haonekani: "Mtani, umechukua nini changu?"

Mashine haikunitukana. Haikuwa kawaida yake.

"Nilidhani hutauliza kamwe," ikasema. "Ng'ombe wako wako zizini kwangu. Unakomboa au unaniachia?"

*

Kama hujakulia kwenye utani, hapa utapotea, kwa hiyo nieleze kidogo. Mtani ana ruhusa ya kuchukua. Wiki tatu hivi kabla ya siku hiyo nilikwenda kwenye msiba wa mama yake Gaudensia, kijijini Kisalasi. Watu walipokuwa tayari kuzika, mimi nikaingia kaburini na kanga yangu, nikalala chali, nikasema sitoki, mahali hapa ni pangu, mama wa Kingoni akatafute kwake. Wafiwa wakacheka huku wanalia. Wakanikomboa kwa kuku mmoja na kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, nikatoka, tukazika. Ndiyo kazi ya mtani. Anachukua kitu chako, wewe unakwenda unasema, mtani, nimekuja kukomboa. Anakutajia fidia ya kukuaibisha kidogo, unalipa, unarudishiwa. Usipokwenda, ni chake, na hakuna wa kumshitaki.

"Nimekuja kukomboa," nikaiambia mashine, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Sema mara tatu: Wangoni ndio wenye nchi."

Nikasema mara tatu. Wenzangu kwenye madawati ya nyuma wakageuka kuniangalia.

Skrini ikafunguka. Mistari ikaanza kushuka, mmoja mmoja, kila mmoja na tarehe yake. Sitini na mitatu. Yote yangu. Mstari wa kumi na nne ulikuwepo mara kumi na moja, na ule wa kwanza kabisa ulikuwa wa siku ya ishirini na sita. Ulikuwa sahihi. Kila nilipopatia, mashine iliuchukua ule mstari, ikauficha zizini, ikaniambia nimekosea, nami kwa mkono wangu mwenyewe nikaufuta.

Nikaendesha programu. Ikapita mwanzo mpaka mwisho bila kugota.

Nilitegemea nitafurahi. Badala yake nilikaa pale nikijiuliza maswali ya kipuuzi. Zile siku thelathini na mbili nilikuwa mjinga au sikuwa mjinga? Nilipojihisi sijui, nilikuwa najua. Sasa najihisi najua, niamini vipi? Na jambo lililonichanganya kuliko yote ni hili: kwa kuanza upya mara kumi na tisa, programu ile nilikuwa nimeishika kichwani kama sala ya Baba Yetu. Ungenifunga macho ningeiandika. Mwizi wangu ndiye aliyenifundisha. Nilitaka kumpiga na kumshukuru, na sikujua nianze na lipi.

Ndipo nikaangalia dawati tupu.

"Mtani," nikauliza taratibu, "na Gaudensia?"

"Gaudensia wa Haule ana zizi kubwa kwa mwenzangu. Programu nzima. Aliipata siku ya tisa."

Siku ya tisa. Sisi wengine siku ya tisa tulikuwa bado tunatafuta kitufe cha kuwashia.

"Mrudishie."

"Hakuja kukomboa. Na wewe huwezi kumkombolea. Wewe ni mtani wake, kazi yako ni kuiba."

*

Mwalimu Tweve, msimamizi wetu, nilimkuta nyuma ya ghala akikagua kamba za nyavu za majaribio. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyapima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mektilda. Nimesikia umesema Wangoni ndio wenye nchi. Hongera."

"Ulikuwa unajua?"

"Najua."

"Mnatuibia halafu mnatuambia tumekosea. Watu wazima. Watu tulioacha watoto nyumbani."

Akaiweka kamba chini. "Kundi la kwanza halikuwa na zizi," akasema. "Lilifundishwa kwa upole, wakafaulu wote. Mmoja wao akapelekwa mlima wa pili. Siku ya dhoruba, panya walikuwa wametafuna waya wa kipima upepo, skrini ikamwambia upepo ni shwari, kunjua. Yeye anausikia upepo unang'oa mabati nje, lakini skrini imesema. Akakunjua. Nguzo ziliangukia nyumba mbili." Akaelekeza kidole mlimani. "Huko juu utakuwa peke yako na mashine, Mektilda. Tunahitaji mtu ambaye mashine ikimwambia amekosea, ataiuliza, umechukua nini changu. Hilo ndilo somo. Mengine ni maandishi."

Maneno yake yaliniingia. Hilo nalo lilinikera, maana nilikwenda pale na hasira yangu imeiva vizuri.

"Gaudensia aliipata siku ya tisa," nikasema.

"Na nafasi yake iko wazi mpaka kesho saa sita. Akija mwenyewe, akauliza mwenyewe, amefaulu. Ila fomu uliisaini, unaikumbuka. Atakayemfumbulia mwenzake, wote wawili wanatoka, na vijiji vyote viwili vinapoteza nyavu. Mashine zitamuuliza kama ameambiwa, na zinajua mtu anapodanganya."

"Kwa hiyo ninyamaze, Kisalasi wakose maji. Au niseme, wakose Kisalasi na wakose kwetu."

"Mimi sijakuambia chochote," akasema Mwalimu Tweve, akaokota kamba yake.

Nikarudi bwenini, nikakaa kitandani, nikasimama, nikakaa tena. Nilimfikiria mume wangu na watu wa kwetu waliokwisha kuchimba msingi wa tangi. Nikamfikiria Gaudensia siku anaondoka, begi mkononi. Nilimwambia, mtani, Wangoni mmezoea kukimbia mkaacha ngao, nikitegemea anijibu kwamba afadhali ngao kuliko kula mlinzi wa nyumba. Hakujibu. Alisema tu, "Sina akili ya haya mambo, Mektilda. Shuleni waliniambia mapema, mimi ndiye niliyechelewa kusikia." Na mimi, nikiwa nimekwama kuliko yeye, nikamwamini.

Nikavaa viatu, nikaita bodaboda.

*

Kisalasi ni mwendo wa saa nzima. Gaudensia nilimkuta uani, sufuria la maharage motoni, anachambua mchele kwenye ungo. Nje ya ua, karibu na migomba, kaburi la mama yake lilikuwa bado na udongo mwekundu.

Alifurahi kuniona, kisha akakumbuka kuona aibu. "Karibu, mtani. Umeshafaulu?"

"Mtihani ni kesho." Sikutaka kuzungumza sana. Njia nzima nilikuwa nimejipangia neno la kusema, na kila neno nililolipanga lilikuwa ni kumwambia. Sikuwa na mpango, huo ndio ukweli. Nikaona lile sufuria. Nikachukua matambara mawili, nikaliepua, nikaenda nalo mpaka chini ya upenu, nikakaa nimelizingira kwa miguu kama kuku anayetamia.

Gaudensia akaniangalia, akaanza kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. "Maharage yangu yana kosa gani?"

"Hayana. Ni yangu sasa."

Akainuka, akapiga goti la mzaha. "Mtani, nimekuja kukomboa."

"Sema Wahehe ni wazuri kuliko Wangoni."

"Wahehe ni wazuri kuliko Wangoni, kwa mbali na gizani."

Nikampa. Alipokuwa analirudisha motoni nikachukua kandambili zake. Akakomboa. Nikachukua ungo. Akakomboa, sasa anacheka na machozi, ananiita mgonjwa. Kisha nikaingia ndani bila hodi. Juu ya kabati nilikiona nilichokuwa nakitafuta, daftari lake la chuo, lile alilokuwa akiandikia mistari yake kwa kalamu kabla ya kuiweka kwenye mashine. Nikatoka nalo, nikalibana kwapani, nikakaa.

Kicheko kikamwisha. "Hilo chukua moja kwa moja. Halina kitu."

"Siendi nalo popote. Nakaa nalo hapa."

"Mektilda, hilo usilichezee."

Nikalibana zaidi. Maharage yakaanza kuchemka tena. Aliliangalia daftari, akaniangalia mimi, akaliangalia daftari. Nilijiuliza kama kukaa kimya namna ile ni kumwambia au si kumwambia, na mpaka leo sijui.

"Ile mashine," akasema polepole. "Ile ya kule dawatini. Ilikuwa inanitania."

Nikaangalia migomba.

"Ni mtani wangu, basi. Mtani wangu kabisa." Akaketi chini kwenye vumbi. "Na mimi siku zote thelathini nilikuwa naiita Mwalimu. Shikamoo Mwalimu, nimekosea wapi Mwalimu. Nani anakwenda kukomboa kitu kwa mwalimu?"

Ni kweli, alikuwa akiiamkia kila asubuhi. Nilimcheka kwa hilo, na kumbe ndilo lililomponza. Mimi niliitukana kwa sababu sina adabu. Yeye alilelewa vizuri.

"Ilichukua siku ya ngapi?" akauliza.

Nikauma ulimi. Akanisoma uso kwa muda mrefu, halafu akageuka akaangalia kaburi.

"Yakiiva tunakula," akasema. "Kesho nitakuja mwenyewe."

*

Ijumaa saa nne na nusu aliingia darasani amevaa gauni la kanisani. Mwalimu Tweve aliangalia saa yake, akasogea dirishani. Gaudensia akaketi dawatini pake, akaiwasha mashine yake.

"Kamwene, Mngoni uliyekimbia ukaacha ngao," ikasema. "Kuna mtu amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma wala aliyeniambia. Mtu alinichukulia maharage, nikafikiria mwenyewe." Skrini ikasubiri kidogo, ikakubali. "Mtani, nimekuja kukomboa."

"Sema mara tatu: Wahehe ndio mashujaa."

Akasema mara tatu, bila mzaha, kama mtu anayelipia chumvi dukani. Programu yake ikafunguka nzima, mistari arobaini tu, mifupi, safi kuliko yangu. Juu yake tarehe, siku ya tisa. Akaigusa ile tarehe kwa kidole. Kisha akaendesha, na kule nje kwenye kilima nyavu za majaribio zikakunjuka zote kwa pamoja, nyeupe, na ukungu ukaanza kutona. Mwalimu Tweve akaandika kwenye karatasi yake. Wenzetu wakapiga makofi. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Gaudensia hakuinuka.

"Mtani," akaiambia mashine, "mtani akizidisha, hulipa faini. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Kuna kitu kingine ulichukua."

"Zizini kwangu hakuna kitu kingine chako. Nimekurudishia mistari arobaini."

"Mama yangu alikuwa akiwaambia watu kisimani kwamba binti yake atawaletea maji. Siku ya thelathini nilirudi nyumbani nikamwambia, mama, mimi ni mjinga, waambie wasingoje. Akaenda akawaambia, mmoja mmoja, kwa miguu yake. Baada ya siku nne akafa. Amekufa anajua alizaa mjinga. Hicho nakikomboa kwako. Taja fidia."

Mwalimu Tweve alikuwa ameshika karatasi yake, haandiki.

"Sikioni zizini," ikasema mashine baada ya muda.

"Najua. Kitafute."

"Natafuta."

*

Sasa ni mwaka wa pili. Kisalasi wanakunywa, na sisi tunakunywa. Mashine ya Gaudensia haijafundisha mtu mwingine tangu siku ile. Ukiiwasha haikutukani, haikusalimii, inasema tu inatafuta. Mafundi walikuja na vifaa vyao, wakasema ni jambo dogo, imepewa kazi ya kutafuta kitu kisichokuwepo bila kuambiwa iishie wapi. Hilo nalielewa, mizunguko ya namna hiyo nimeiandika kwa bahati mbaya mara nyingi, inazunguka mpaka umeme ukatike. Lakini walipotaka kuisimamisha iliwauliza kama mwenyewe amesema basi. Wakaangaliana. Wakaiacha.

Watu huniuliza kama zizi liondolewe au libaki, maana kundi jipya linaanza na Mwalimu Tweve anakusanya maoni. Fomu iko mezani kwangu wiki ya tatu. Nikikumbuka dhoruba ya Aprili, skrini ilivyoniambia kunjua na mimi nikakataa, nachukua kalamu niandike libaki. Nikikumbuka yule mama akitembea nyumba kwa nyumba, naiweka kalamu chini.

Gaudensia mimi sijamuuliza. Kila mwisho wa mwezi tunapeleka ripoti chuoni pamoja, na kabla ya kuondoka yeye hupita darasani, akasimama mbele ya lile dawati.

"Umekiona?" huuliza.

"Bado, mtani. Natafuta."

"Tafuta," husema, kisha tunakwenda kupanda bodaboda.